Victoria kwa Victoria: siku kumi na moja nikizunguka ziwa la wajina wangu

Siku ya 1, Dar hadi Dodoma

Mi naitwa Victoria. Nyumbani Vicky, kazini Viki, kwenye pasipoti Victoria kwa C na kwenye kadi ya chanjo ya homa ya manjano Viktoria kwa K, hiyo ya K nitaisimulia tukifika mpakani. Safari yenyewe ilianza kama utani tu. Mwezi uliopita nimekaa kwenye daladala nasinzia, konda akaita "Vikitoriaaa, Vikitoria wapo?" mi nikaitika "nipo!" kwa sauti kabisa, gari zima likavunjika mbavu, konda akaniuliza dada unashuka au unajitambulisha? Nikashuka kwa aibu, kituo wala si changu. Nimesimama pale barabarani nasubiri gari lingine ndo nikawaza, hivi tuko wangapi? Kituo Victoria, ziwa Victoria, meli Victoria, bibi yangu Kagera Victoria, mi mwenyewe. Nikanunua daftari la kurasa 48 dukani hapohapo, nikaandika juu VICTORIA, na kanuni ikawa moja: nazunguka ziwa kutoka Mwanza mpaka Kenya, kila wajina nitakayekutana naye, awe mtu, mtaa au chombo, anaingia na namba yake.

Malkia Victoria wa Uingereza mwenyewe nikampa namba sifuri. Amechorwa kwenye kila ramani ya Afrika ila huku hakuwahi kukanyaga hata siku moja, sasa namba moja nimpe kwa lipi. Kituo cha daladala ndo namba moja.

Leo treni ya SGR, nimefika mapema kupita kiasi kama mtu wa kijijini anayesubiri ndege. Ukaguzi, tiketi, kitambulisho, unapanda. Kabla ya saa sita mchana nishateremka Dodoma. Nikicheka watu waliompa malkia ziwa zima najikumbusha kwamba nimepanda treni kituo cha Magufuli, nimepita kituo cha Kikwete Morogoro na kushuka kituo cha Samia Dodoma. Tabia ni ileile, sema sisi angalau tumewapa waliowahi kupita njia hiyo.

Siku ya 2, Dodoma hadi Mwanza

Basi. Sitaki kulisema sana, pancha mbili, ya kwanza kabla ya Singida, ya pili tukiwa tumeshaiacha Igunga, na spea ilikuwa moja. Tumekaa chini ya mti masaa mawili. Nikatumia muda kusoma nilivyokuwa nimepakua kwenye simu kuhusu huyu namba sifuri.

Kumbe jina lake la kwanza sio hata Victoria! Alibatizwa Alexandrina Victoria, amezaliwa 1819, utotoni wakimwita Drina. Hilo la Victoria alilirithi kwa mama yake, binti wa kifalme wa Kijerumani, na Waingereza wenyewe wakati huo waliliona jina la kigeni geni, halina mizizi kwao. Alipokalia kiti 1837, ana miaka 18, ndo akachagua kutumia hilo la pili. Maana yake ushindi, kwa Kilatini. Yaani angebaki na lile la kwanza leo tungekuwa tunakula sato wa Ziwa Alexandrina na mi ningeitwa sijui nini.

Abiria mwenzangu chini ya mti, mama wa Nzega mwenye kuku wawili kwenye kikapu, akauliza nasoma nini nacheka peke yangu. Nikamwambia. Akasema "mjukuu wangu naye ni Victoria." Namba mbili. Kwanini walimpa? "Jina zuri tu, mama yake alilipenda." Hakuna cha malkia wala nini.

Mwanza tumeingia saa tano usiku.

Siku ya 3, Mwanza

Leo miguu imeniuma maana nimepanda mawe. Mwanza ni mji wa mawe, nyumba zimekaa juu ya mawe, chini ya mawe, kati ya mawe, ukiziangalia kwa mbali unajiuliza kitanda walikipitishaje. Nilitaka nione ziwa toka juu kama alivyoliona Speke, mpelelezi Mwingereza, maana jina lilibandikwa huku huku. Tarehe 3 Agosti 1858. Alikuwa amemwacha bosi wake Burton anaumwa kule Kazeh, ndo Tabora ya leo, akaja na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani na kwa ukweli ndo injini ya msafara. Speke mwenyewe macho yalikuwa yanamsumbua njia nzima. Akaona maji, akakaa siku chache, hakulizunguka wala kupima mwisho wake, akasema hiki ndo chanzo cha Nile na jina ni Victoria. Bahati yake kwenye chanzo alipatia. Kwenye jina ndo nina maswali, kwa sababu watu wa hapa walishamwambia, Nyanza. Akaliunga mwishoni, Victoria Nyanza, kama vile unamwita mtu "Victoria Mtu". Nyanza ni ziwa, basi. Hata jina la Mwanza wanasema ni hiyohiyo Nyanza iliyopinda kwenye midomo ya wageni.

Baada ya hapo wakaja Wajerumani na hapa ndo familia inaanza kuchanganya. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani wakaelewana, mstari ukachorwa kwenye digrii moja kusini mwa ikweta, ukakata ziwa kama keki, juu Mwingereza, chini Mjerumani. Kaisari wa Ujerumani wakati huo, Wilhelm wa Pili, ni mjukuu wa Victoria. Mama yake Kaisari, binti wa kwanza wa malkia, naye aliitwa Victoria, na kwao walimwita Vicky! Nimeisoma mara mbili. Nikampa namba, kafa zamani lakini kanuni ni kanuni. Kwahiyo bibi ana ziwa lenye jina lake, mjukuu anatawala upande wa kusini wa hilohilo ziwa, na sisi hatujaulizwa kitu. Shuleni mwalimu wetu alituambia eti malkia alimpa mjukuu Mlima Kilimanjaro zawadi ya birthday. Hiyo ni hadithi tu, mpaka ulipangwa na maofisa mezani kwenye mikataba, ila naelewa kwanini inapendwa, ukijua hawa walikuwa ndugu haionekani uongo.

Mchana nimekula Kirumba kwa mama ntilie, sato mzima wa kuchoma na ugali, pilipili pembeni. Karibu na meza jamaa anapakua dagaa kwenye gunia, vumbi la dagaa linang'aa kama shilingi, unapiga chafya unasikia chumvi. Nikauliza furu yuko wapi, wale vidogo wa rangi nilivyowasikia kwa mama. Mama ntilie akasema wapo wachache, sangara aliwamaliza. Sangara naye aliletwa tu, miaka ya 50, wakati wa wakoloni, akawafyeka furu aina kwa aina. Minofu ikaenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwetu.

Jioni nilienda Igoma kwenye makaburi ya MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996. Zaidi ya watu 800. Mjomba wa mama alikuwemo, hakupatikana. Nimekaa kidogo, nimeondoka. Leo daftari sikulitoa tena.

Siku ya 4, melini

Namba sita, na huyu ndo niliyekuwa namsubiri: meli. Siku hizi inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ubavuni, jina refu kuliko tiketi. Sisi wa Kagera tunaita Victoria tu.

Mi nilidhani meli ni ya kwetu kwetu, kumbe ilitengenezwa Scotland, Glasgow, kwa Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande kama kitanda cha kuhama nacho, ikasafirishwa baharini mpaka Mombasa, ikapanda treni mpaka Kisumu, na Kisumu ndo ikaunganishwa tena na kuingizwa majini, ikaanza kazi 1961. Ilizunguka bandari za nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ndugu wakagawana vitu, meli ikaangukia kwetu. Miaka kadhaa ilisimama kabisa, ikarudi 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Kwahiyo ina miaka zaidi ya 60 na inabeba watu 1,200, we ukifika 60 utakuwa unabeba nini.

Nimechukua daraja la tatu kwa makusudi maana huko ndo kuna stori. Tumeng'oa nanga jioni. Taa za Mwanza zinarudi nyuma taratibu, jiwe la Bismarck limebaki linatuangalia (huyo Mjerumani mwingine, hakufika pia). Watu wametandika khanga sakafuni, kuna mtu anasikiliza dini, kuna mtu anasikiliza mpira, kuna mtoto analia kwa zamu. Jirani yangu dada mmoja ana mabeseni matatu ya plastiki anaenda kuuza. Tukasalimiana, jina nani, mi Victoria, akacheka akaita upande wa pili "Viki njoo umuone mwenzio!" Akaja msichana wa form two, naye Victoria, anarudi nyumbani likizo. Namba saba. Tumekaa Victoria wawili ndani ya Victoria juu ya Victoria. Dada wa mabeseni akasema "nyie mkizama leo gazeti litashindwa kuandika." Mama mmoja mzee akamkemea hapo hapo, huwezi kusema maneno hayo kwenye maji haya. Tukanyamaza wote. Dada akaomba radhi, "samahani mama, mdomo umeteleza," na aliomba vizuri kabisa, kwa magoti.

Usiku nimetoka nje mara moja. Giza, upepo, huoni nchi upande wowote, na unaambiwa hapa chini kina hakizidi sana mita 80, ziwa kubwa hivi kumbe ni kama sahani. Upana ndo usiseme, karibu kilomita za mraba 69,000, Kenya wana kipande cha asilimia 6 tu na kelele zao zote.

Siku ya 5 na 6, Kemondo, kwa Bibi

Nimeshuka Kemondo alfajiri. Mikungu ya ndizi imepangwa gatini inasubiri kupakiwa, kijani mpaka macho yanauma. Binamu yangu alikuja kunipokea na pikipiki. Huyu binamu lazima niwaeleze. Anaitwa Dada Meli. Mama yake alishikwa na uchungu njiani akienda Mwanza, mtoto akazaliwa humo humo melini, 1987. Cheti kinasema Victoria ila hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwita hivyo, mtaa mzima ni Meli, watoto wake ni watoto wa Meli, na duka lake limeandikwa MELI STORE. Namba nane.

Bibi yuko kwenye migomba juu kidogo ya ziwa. Ana miaka 88 lakini anasikia kila kitu hasa kile usichotaka asikie. Nikapiga magoti, shikamoo Bibi, marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili kama anakagua parachichi, akasema umekuja na meli yetu? Nikasema ndiyo. Akaleta kikapu kidogo cha akamwani, buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, unatafuna hivihivi. Ukifika nyumba ya Mhaya hujapewa akamwani bado hujakaribishwa, umefika tu.

Nikamwambia kuhusu daftari. Akaniangalia. Nikamuuliza Bibi, we ulipewaje Victoria, ni kwa ajili ya malkia wa Uingereza?

"Malkia gani?"

Akamtuma Meli chumbani kuleta sanduku la bati, lile jeusi, ndani nguo za kuzikiwa alizokwisha jiandalia, rozari mbili, na bahasha. Kwenye bahasha kadi ya ubatizo, karatasi imekuwa rangi ya chai, wino umekwenda kahawia, mwandiko wa Mzungu umelala upande mmoja: Victoria, na tarehe, 23 Desemba 1936. Padri aliangalia kalenda ya watakatifu, siku ile ni ya Mtakatifu Victoria, mfiadini wa zamani, basi. "Tulikuwa watoto wa kike watatu siku ile, wote akatuita Victoria. Mama zetu wakatutofautisha kwa majina ya nyumbani." Yaani mi miaka yote najua nimebeba jina la malkia kupitia kwa Bibi, kumbe Bibi amebeba jina la msichana wa Kirumi kupitia kwa kalenda. Nikafuta mshale niliouchora kwenye daftari kutoka namba sifuri.

Ila Bibi alishapendezwa, anataka kujua habari za huyo mama.

"Alikuwa na watoto wangapi?"

Tisa, nikasema.

"Mimi kumi na mmoja." Akatafuna. "Mumewe?"

Alikufa mapema, 1861, alikuwa na miaka 42 tu, na malkia alivaa nyeusi tangu siku hiyo mpaka anakufa, 1901, kama miaka 40.

Bibi naye ni mjane, babu kafa 1979. Alikaa kimya kidogo nikajua nimemgusa, kumbe anapiga hesabu. "Miaka arobaini amekaa na nyeusi. Na migomba nani alikuwa anamlimia?"

Nikamuuliza ziwa wao wanaliitaje. Lweru. Kwani sio Victoria? Akanionyesha kwa kidevu, maji yanaonekana katikati ya migomba, meupe kwa jua la jioni. "Lile ni Lweru, la Mugasha. Victoria ni mimi na meli." Mugasha ndo mwenye ziwa na dhoruba kwa Wahaya wa zamani, na Bibi ni Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni ila hilo analisema bila kupepesa macho.

Usiku senene, wale panzi wa kuliwa, wameshuka! Novemba hii, wenyewe. Jirani ana taa kali na mabati yamesimamishwa kwenye mapipa, senene wanafuata taa, wanagonga bati, wanateleza pipani, sauti yake ni kama mvua ya changarawe. Tumekaa mpaka saa nane usiku tunanyonyoa mabawa na miguu, vidole vimekuwa vya kijani vinateleza. Kesho yake wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi na vitunguu. Bibi akanijazia kopo zima la kupeleka Dar. Nikamwambia mi naenda mbele Uganda na Kenya kwanza, mizigo imejaa. Akasema basi nakutunzia, ukirudi utayakuta. Meli akalitazama lile kopo kwa jicho ambalo mi nililiona.

Siku ya 7, Mutukula hadi Kampala

Tumevuka daraja la Kyaka, mto Kagera. Wazee kwenye gari wakaanza moja kwa moja habari za 1978, Amin alipoichukua nchi yote kutoka mpakani mpaka huu mto na daraja likavunjwa. Ukitazama ramani unaelewa alichokuwa anakitamani, mto ndo unaonekana kama mpaka, lakini mpaka uko mbele, ule mstari wa digrii moja kusini, wa rula, wa kina bibi na mjukuu wao. Upande huu na ule migomba ileile na salamu karibu zileile.

Mpakani sasa. Afisa anaangalia pasipoti, Victoria. Anaangalia kadi ya chanjo, Viktoria. Anaangalia mimi. Kosa lilifanywa na karani wa kituo kimoja cha chanjo mjini, nililiona siku ileile nikaona uvivu kurekebisha. Nikaeleza. Afisa akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine, nikaona leo nalala hapa. Kumbe yule wa tatu naye ni Victoria, dada mnene mwenye miwani, akachukua kadi akasema "hata mimi shuleni walikuwa wananiandika hivi," akagonga muhuri. Namba tisa, na ndiye pekee aliyenisaidia kwa kazi.

Kampala nimefika usiku, mvua, nikala rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, ya mayai mawili pembeni ya barabara nikalala. Waganda nao ziwa wana lao, Nalubaale, mama wa miungu. Niliyemuuliza alikuwa bodaboda, akanisahihisha matamshi mara nne na bei mara moja.

Siku ya 8, Jinja

Hapa maji yanatoka ziwani yanaanza kuitwa Nile. Speke alirudi safari ya pili na mwenzake Grant, akakaa sana kwa Kabaka Mutesa, na 28 Julai 1862 akafika hapa akaona maporomoko, akayapa jina la bwana mkubwa mmoja wa kwao, Ripon. Maporomoko hayapo tena, yamezama tangu bwawa la umeme lijengwe chini kidogo. Bwawa lile lilifunguliwa 1954 na malkia, sio wetu, huyu ni Elizabeth wa Pili, kitukuu wa mtoto wake. Lilikuwa linaitwa Owen Falls. Siku hizi linaitwa Nalubaale. Nikasimama na hilo jambo kidogo: bwawa limepewa jina la ziwa, ziwa lenyewe bado linasubiri.

Kijana wa mtumbwi akanichukua mpaka pale maji yanapochemka kutoka chini, akaniambia tone hili linafika Misri miezi mitatu. Kipande hiki cha mto kwenye ramani kinaitwa Victoria Nile, namba kumi. Na unajua kinaenda wapi? Kinapita Kyoga, kinaanguka Murchison, kinamwagika Ziwa Albert. Albert ni mume! Baker, mpelelezi mwingine Mwingereza, alilipa jina hilo 1864, jamaa akiwa ameshakufa. Kwahiyo mto unatoka kwa mke unaenda kwa mume, kila siku, na mtoto wao Edward ana ziwa lake kule magharibi, na mjukuu George ana lake, na hao wawili wameunganishwa na mfereji wa Kazinga. Familia nzima imekaa Uganda kama kikao cha harusi. Nilimwambia kijana wa mtumbwi, akasema yeye alijua ya Albert lakini hakuwahi kujua walikuwa wameoana, akakaa kimya kama mtu aliyesikia umbea wa majirani.

Siku ya 9, Port Victoria

Busia nimevuka, kadi hawakuiuliza. Matatu mpaka Port Victoria, ufukweni kabisa upande wa Kenya. Sijui nilitegemea nini, labda bandari yenye winchi. Kuna soko, kuna boti zimelala mchangani, omena zimeanikwa kwenye nyavu, mbuta wawili wakubwa wamelazwa kwenye mkokoteni. Mbuta ni sangara, ngege ni sato, omena ni dagaa, ukivuka mpaka samaki naye anabadilisha jina, hata yeye.

Mahali hapa nusura pawe pakubwa. Reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa, ilipopimwa mara ya kwanza mwisho wake ulikuwa uwe hapa, kisha wakaona njia fupi ni kwenda ghuba ya Kisumu. Treni ikaenda kule, Port Victoria ikabaki na jina. Mama muuza omena nilipomwambia nimetoka Dar kwa sababu ya jina la hapa, alinitazama vile unavyomtazama mtu mwenye malaria. "Umekuja kuangalia jina?" Akanipa kiti. Shida yao si jina, akasema, shida ni Nzoia, mto ukifurika Budalangi watu wanahama na mifugo yao. Nimenunua omena za shilingi 200 kwa heshima yake. Namba kumi na moja.

Siku ya 10, Kisumu

Nimepita tu kubadilisha gari na kula samaki. Ila moja nawapa: huo mwisho wa reli uliohamia hapa hawakuupa Victoria, waliuita Port Florence, kwa mke wa Preston, injinia aliyekuwa akisimamia utandikaji wa reli. Yeye alitembea na kambi ya ujenzi, akalala kwenye mahema, na msumari wa mwisho aligonga mwenyewe, 20 Desemba 1901. Malkia alikuwa ameshakufa tangu Januari. Florence kafika kwa miguu yake na jina lake likafutika, pakarudi kuwa Kisumu. Ambaye hakufika lake bado lipo. Nimemwandika nyuma ya daftari bila namba.

Siku ya 11, Nairobi

Nilitaka kumalizia kwa malkia mwenyewe, uso kwa uso. Pale Jeevanjee Gardens kulikuwa na sanamu yake, aliiweka tajiri A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyetengeneza bustani ile kwa pesa zake akawapa watu wa mji, na sanamu ikazinduliwa 1906. Njia ya kwenda nimepita Tom Mboya Street, ambayo zamani ilikuwa Victoria Street, nikaipa namba kumi na mbili ya marehemu. Mboya, waziri wa Kenya, alipigwa risasi Julai 1969 mtaa wa jirani, mtaa wake ukawa huu. Hawa wamebadilisha na mji haujaanguka, matatu zinapiga honi vilevile.

Bustanini ni saa ya lunch. Wahubiri watatu wanahubiri kwa wakati mmoja, kila mmoja na wasikilizaji wake kumi, watu wengine wamelala kwenye majani viatu vimekuwa mto. Nikamuuliza mpiga picha mmoja, kaka, sanamu ya malkia iko wapi? Akacheka. Umechelewa, waliiangusha 2015, kichwa wakakikata. Akanipeleka akanionyesha ilipokuwa. Nikasimama. Kilomita zote zile, pancha mbili, mwenyeji hayupo.

"Ulikuwa unamtaka wa nini?"

Nikamwambia mi ni wajina wake. Akaniangalia juu mpaka chini, akanyanyua kamera. "Basi simama hapo hapo, Victoria. Shilingi mia." Nikasimama, mkono kiunoni, begi la omena miguuni.

Picha nikamtumia Meli amuonyeshe Bibi. Nimeshakaa kwenye basi la kurudi Dar ndo voisi ikaingia, nikaweka sikioni. Bibi anapumua kwanza, kisha: "Victoria, umekonda. Na zile senene zako Meli kazimaliza."